Mashindano ya Picha, Saa ya Kamera na Kosa Langu

Kuna watu wameniuliza ile skripti niliyoandika kwa ajili ya mashindano ya klabu yetu ya picha iliishia wapi. Jibu fupi ni kwamba ilifanya kazi vizuri sana, na ndiyo maana nikalazimika kwenda Awendo kuomba msamaha. Jibu refu ni hili hapa, na ndani yake kuna historia kidogo, kwa hiyo tafuta chai ukae.

Kwanza klabu yenyewe. Tuko watu kumi na kitu, wote wapiga picha wa ridhaa: walimu wawili, muuguzi, mchuuzi wa samaki, wanafunzi kadhaa, fundi wa pikipiki, na mimi wa kompyuta. Jumamosi moja ya kila mwezi tunakutana, zamu Migori, zamu Homa Bay. Hatuna ofisi wala lebo. Tuna kamba ya kuanikia nguo na vibanio. Picha zilizochapishwa zinaning'inizwa hapo, watu wanazizunguka, wanabishana, kisha waamuzi watatu wanatoa alama kwa mwanga, kwa mpangilio na kwa ujumbe. Mshindi anapewa memori kadi na heshima ya mwezi mmoja.

Picha zinapigwa kwenye matembezi. Tumeshakwenda ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay kuwatafuta flamingo, na huko ukimkuta mzee yeyote atakusimulia jinsi kijiji kizima kilivyozama usiku mmoja baada ya kumfukuza bibi kizee mgeni. Tumekwenda gatini Homa Bay alfajiri wakati mashua zinarudi. Na tumekwenda Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kama hupajui, ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yanayodhaniwa kujengwa karne ya 16. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, na milango ni mifupi, lazima uiname ndio upite. Aliyejenga alitaka mgeni aingie kichwa kikiwa chini.

Haya, sasa shida. Sheria yetu kuu ni moja: picha iwe imepigwa siku ya matembezi. Mwaka mmoja kukawa na manung'uniko kwamba kuna watu wanaleta picha za zamani, au za binamu aliyeko Nairobi. Nikajitolea. Nikasema, jamani, kila picha ya dijitali ina data ndani yake. Nitaandika programu itakayosoma tarehe na kutoa hukumu. Watu wakapiga makofi. Kompyuta haina ndugu, wakasema.

Tarehe hukaa wapi?

Kwa wasiojua: kamera au simu inapohifadhi picha ya JPEG, huandika pia maelezo yanayoitwa EXIF. Aina ya kamera, kasi ya shata, uwazi wa lenzi, na tarehe. Kiwango hiki kilitolewa na chama cha viwanda vya elektroniki cha Japani, JEIDA, mwaka 1995, wakati kamera za dijitali zilikuwa bado vitu vya matajiri na magazeti. Tarehe huandikwa kama maandishi ya kawaida: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Hakuna muhuri wala saini. Kamera inauliza saa yake ndogo ya ndani, saa inajibu, kamera inaandika. Saa ikidanganya, kamera inaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Tena kwa zaidi ya miaka ishirini kiwango hicho hakikuwa na sehemu ya kutaja ukanda wa saa. Iliongezwa mwaka 2016. Kabla ya hapo picha ilisema tu "saa tatu na dakika kumi" bila kusema ni saa tatu ya wapi.

Na hapa kwetu kuna saa tatu mbili! Siku ya kwanza ya kujaribu skripti nilikuta picha nne zilizopigwa saa tisa za usiku, na jua limewaka mpaka watu wamekunja nyuso. Nikadhani nimekosea hesabu. Kumbe mwenye kamera aliipanga kwa saa ya Kiswahili. Saa tatu asubuhi akaandika 3:00, na kamera ikaelewa ni usiku wa manane. Tofauti ya saa sita. Nikacheka, nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti wa kuvumilia tofauti ya saa sita, nikajiona mjanja.

Kitu kingine nilichogundua ni WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza ukubwa na kuifuta EXIF yote. Ukituma kama dokumenti inabaki nzima. Basi nikawaambia wote watume kama dokumenti. Ukitaka kujua ni somo gani gumu kufundisha duniani, jaribu hilo.

Baada ya matembezi ya Thimlich Ohinga picha zikaja. Skripti ikazipitia zote kwa sekunde mbili. Moja ikakataliwa: tarehe 1 Januari 2008, saa 00:14. Nikaandika "haikidhi" kwenye orodha, nikaituma kwenye kundi, nikaenda kulala.

Mwenye picha alikuwa yule fundi wa pikipiki wa Awendo, mtu mzima, mkubwa wetu sote kwa umri. Hakubishana. Mwezi uliofuata hakuja. Uliofuata pia hakuja.

Mashindano ni ya zamani kuliko tunavyofikiri

Katika miezi ile miwili nilianza kusoma historia, kwa sababu nilitaka kujua wenzetu waliotutangulia walikuwa wakijuaje nani anasema kweli.

Klabu za picha si jambo jipya. London walianzisha chama chao mwaka 1853, kile ambacho leo ni Royal Photographic Society. Wakati huo ilibidi uwe na pesa, kemikali na subira. Mwaka 1888 Kodak ikatoa kamera yenye filamu ya picha 100 ndani. Ukimaliza unairudisha kamera nzima kiwandani, wanasafisha, wanakurudishia ikiwa imejazwa upya. Mwaka 1900 ikaja Brownie, sanduku la dola moja, na hapo ndipo picha zilipomfikia mtoto wa mtu wa kawaida. Kodak waliunda na klabu ya watoto wa Brownie, wenye mashindano na zawadi. Walielewa jambo ambalo sisi tunalijua kwa kamba na vibanio: mtu akijua picha yake itatazamwa, ananunua filamu nyingine.

Brownie zilizagaa mpaka zikafika huku, na moja ilimwangukia mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alikuwa bado mwanafunzi alipoipata, kuukuu. Jina lake Mohamed Amin. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix huko huko Dar, na baadaye akarudi Nairobi. Dunia inamjua kwa picha za njaa ya Ethiopia za Oktoba 1984. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Lakini kwa mtu wa Homa Bay kuna tarehe nyingine. Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi, Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi akitoka dukani. Amin alifika haraka na kamera zake. Kazi aliyoifanya siku ile ilimpa tuzo ya mpiga picha wa televisheni wa mwaka huko Uingereza. Mboya alizikwa Rusinga, na kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Klabu yetu imeshakwenda huko kupiga picha. Nilipokuwa pale sikujua habari za tuzo. Sasa ninajua, na inanipa shida kidogo kila tunapotoa alama. Tuzo ya mtu mmoja inaweza kuwa matanga ya kijiji kizima. Simlaumu Amin. Bila yeye tusingeona. Ila nimejifunza kwamba picha ina watu wawili angalau, aliyepiga na aliyepigwa, na mashindano yanamkumbuka mmoja tu.

Jambo hilo ni la kale zaidi katika nchi ya Waluo. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia wa Uingereza, E. E. Evans-Pritchard, alifanya ziara fupi kwetu na kupiga picha nyingi. Picha zikaishia kwenye jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Waliopigwa wakazeeka, wakafa, wakaacha watoto na wajukuu, na picha zao ziko kwenye makabati ya mbali. Mwaka 2007, miaka 71 baadaye, nakala zilirudishwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyawaza yaliyopita. Fikiria kusimama mbele ya picha ya babu yako ambayo hukuwahi kujua kama ipo.

Mimi kama mtu wa data ninaona hivi. Kabati la makumbusho lina kadi: mahali, mwaka, namba. Hiyo ndiyo EXIF ya zama zile. Lakini anayeweza kusema "huyu ni nani, na alikuwa mtu wa namna gani" ni jamaa yake. Kadi haiwezi.

Wakubwa nao wanahangaika

Usidhani udanganyifu ni wetu peke yetu. Shindano la mpiga picha bora wa wanyamapori la London lilimnyang'anya tuzo mshindi wake wa 2009, mwenye picha ya mbwa mwitu akiruka lango, baada ya waamuzi kuamini kwamba mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Shindano hilo hilo mwaka 2018 likafuta picha ya mnyama mla mchwa, kwa sababu yule mnyama alionekana amejazwa pamba. World Press Photo, lililoanzishwa Uholanzi mwaka 1955, mwaka 2015 liliondoa kama moja kati ya tano ya picha zilizofika karibu na mwisho, baada ya kulinganisha na faili za awali za kamera. Mwaka huo huo likamvua tuzo mpiga picha wa Italia kwa sababu picha moja ya mji wa Charleroi ilipigwa Brussels. Na mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alikataa tuzo ya Sony mwenyewe, akasema picha yake imetengenezwa na akili bandia.

Ukiangalia kesi hizo utaona kitu. Ya mbwa mwitu ilianza na watu waliomtambua yule mnyama. Ya Charleroi ilianza na kelele za watu wa mji wenyewe. Eldagsen alijisema. Mashine zilisaidia pale World Press Photo, tena kwa sababu kuna binadamu waliokaa wakalinganisha faili moja moja. Hakuna mahali skripti ya mistari arobaini ilitoa hukumu usiku na mwenyewe akalala.

Picha ya babu

Kilichonimaliza kabisa ni picha iliyoko nyumbani kwetu, ukutani, juu ya redio.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Kameramani alipita siku ya soko na kamera ya filamu, mnajipanga mbele ya nyumba, mnalipa nusu, anatokomea. Filamu ya picha 36 lazima iishe kwanza, kisha iende kusafishwa mjini. Baada ya wiki mbili au tatu anarudi na bahasha. Kamera nyingi za miaka ile zilikuwa na saa kwenye mfuniko wa nyuma iliyochoma tarehe kwenye filamu, kwa rangi ya chungwa, pembeni chini. Betri ikifa na kubadilishwa, saa ilirudi mwanzo wa kalenda yake, na ni kameramani gani angekaa kuipanga?

Kwenye picha hiyo babu amekaa kwenye kiti cha kamba, mimi niko mapajani mwake, kitoto cha miezi michache nikilia. Pembeni kuna maandishi ya chungwa: '87 1 1.

Mimi nimezaliwa 1991.

Kwa hesabu ya ile kamera, nililia miaka minne kabla ya kuzaliwa. Nyumbani ni utani wa siku zote. Hakuna mtu aliyewahi kusema picha si ya kweli. Mama anajua ilikuwa mwezi gani kwa sababu ya nguo aliyonivisha. Shangazi anajua kwa sababu ya mahindi yanayoonekana nyuma. Nimekua chini ya picha hiyo. Halafu mimi, mtoto wa nyumba hiyo, nikaandika programu inayotupa picha kwa sababu tarehe inasema Januari mosi.

Nikafungua tena faili ya fundi. Safari hii nikaitazama picha yenyewe. Naona aibu kuandika hili, lakini ukweli ni kwamba sikuwa nimeitazama hata mara moja. Mama mmoja wa pale jirani anapita kwenye mlango wa boma, ameinama, mkono mmoja ameuegemeza kwenye jiwe la juu, na mwanga unaingia kutoka nyuma yake. Kushoto kabisa, kwenye ukingo, kuna mtu amegeuka mgongo anahangaika na begi. Kofia nyekundu. Begi la laptopu.

Ni mimi.

Awendo

Nilimkuta kwenye kibanda chake, mikono imejaa grisi, pikipiki imefunguliwa matumbo. Nikamsalimia, nikasubiri amalize boliti.

"Jaduong', nimekuja kuomba msamaha kwa ile picha."

"Ile ya mwaka 2008?" akauliza bila kuinua kichwa.

Nikamweleza habari za saa na betri. Akasikiliza. Kamera yake ni ndogo, ya mtumba, aliinunua sokoni Migori. Betri haishiki chaji, kwa hiyo anaitoa na kuirudisha, na kila mara kamera inamwuliza tarehe kwa menyu ndogo asizoweza kuzisoma bila miwani. Anabonyeza kitufe mpaka inyamaze.

"Hiyo ya mashine naielewa, kijana wangu," akasema. "Mashine ilisema sikuwepo. Haikuniona. Lakini tulikwenda matatu moja, mimi na wewe. Ulikula ndizi yangu. Nilingoja na wewe useme nilikuwepo."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Akapangusa mikono. "Msiogope. Mlinifukuza, lakini mimi si yule bibi wa Simbi. Siwezi kuizamisha Migori."

Tulivyobadilisha

Kwa wale mliokuja kwa ajili ya mambo ya kiufundi, haya ndiyo tunayofanya sasa.

Moja: kabla ya matembezi kuanza, kila mtu anapiga picha ya simu moja inayoonyesha saa ya mtandao. Picha hiyo inakuwa ya kwanza kwenye kila kamera. Tofauti kati ya saa iliyo ndani ya picha na saa iliyo kwenye EXIF ndiyo kosa la kamera hiyo. Kamera inaweza kusema ni 2008 au 1987, hainihusu, kwa sababu kosa linabaki lile lile siku nzima mradi betri isitolewe.

Mbili: natumia ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey iliyoanza mwaka 2003, kusogeza tarehe za nakala zote kwa tofauti hiyo. Nakala, wadau, nakala! Faili ya asili haiguswi.

Tatu: skripti haina tena neno "haikidhi". Inasema "uliza". Orodha ya maswali inaletwa kwenye kikao, mbele ya mwenye picha, naye anajieleza. Wanachama wawili waliokuwepo wakimshuhudia, imekwisha.

Nne: hakuna picha inayojadiliwa kabla haijaning'inizwa kwenye kamba ikaonekana na wote. Hili ni langu hasa.

Tano: nakala moja ya kila picha inayoonyesha mtu inarudishwa kwa mtu huyo. Ikibidi tunarudi na bodaboda. Yule mama wa Thimlich Ohinga alipata yake. Miaka 71 ni mingi mno kungojea picha yako mwenyewe.

Najua kuna mtu ataniambia mashahidi nao wanadanganya, wana urafiki, wana undugu. Ni kweli. Tumeshabishana juu ya hilo mpaka soda zikaisha. Lakini shahidi akidanganya unaweza kumwuliza swali la pili, na kesho utakutana naye njiani. Tarehe ya kamera ukiiuliza mara mia itakujibu vile vile.

Picha ya fundi iliamuliwa upya pamoja na nyingine za mwezi ule. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya yule muuguzi, na kusema haki ilistahili. Fundi aliangalia zote mbili kwa muda mrefu, akasema ya muuguzi ina mwanga mzuri zaidi, akaomba aelezwe ilipigwaje.

Siku hizi yeye ndiye anayeshika ile simu ya saa. Anasimama mbele yetu kama kasisi na kitabu, tunapita mmoja mmoja tunaipiga picha. Ikifika zamu yangu ananiangalia usoni kwanza, halafu anasema, "Nimekuona."

Haya, kwa leo inatosha. Wakati mwingine nitaeleza jinsi ya kuhifadhi picha mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu diski ya mwenzetu mmoja imekufa na kilio chake kimesikika mpaka Rongo. Kama una picha ya zamani nyumbani yenye tarehe ya uongo pembeni, usiitupe. Mwulize mama ilipigwa lini, na uandike jibu nyuma kwa penseli.

Kila la heri.